Mabati Yaliyokatwa Sikio

Juzi nilikimbia mvua mtaani Kamunyonge. Ilikuwa mvua ya Musoma, ile inayotoka ziwani bila kubisha hodi, nikajibanza kwenye kibaraza cha baa moja ambayo nilipokuwa mtoto isingekuwepo, maana bia yenyewe ungeitoa wapi. Ndani, redio ilikuwa ikisema nchi inajiandaa kuomba uenyeji wa mashindano makubwa ya kimataifa, na kwamba kila mwananchi atachangia kidogo kupitia kodi, kwa heshima ya taifa. Wanywaji wakashangilia. Mimi nikainua macho juu, kama mtu anayetafuta pa kutazama ili asije akajibu. Hapo ndipo nilipoliona bati la pembeni. Limeshika kutu, na kona yake ya kushoto imekatwa pembetatu ndogo. La pili yake, vivyo hivyo. Na lililofuata.

Rafiki yangu, mabati yale nimewahi kulala nayo chumba kimoja.

Kijiji chetu kiko nje ya Nyamuswa, kwenye udongo mweusi unaofaa pamba na kuwatesa wenye miguu. Nililelewa na babu na bibi, pamoja na mama mdogo, kitinda mimba wao, kwa sababu mama yangu alikuwa kazini Mwanza. Babu aliniita mke wangu. Bibi akisikia hivyo alinitupia ungo na kusema, "Haya, mke mwenzangu, kama unampenda njoo umsagie mtama." Asubuhi zilinukia maziwa ya mgando na moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Jioni tulikula ugali wa muhogo na furu, visamaki vya ziwani, waliokaushwa, tukiwatafuna na mifupa yao.

Ilikuwa miaka ya shida. Duka la kijiji lilikuwa na rafu ndefu, chumvi, na muuzaji anayesinzia. Sukari ikija, habari zake zilitangulia kama habari za msiba, na watu walipanga foleni kabla lori halijaonekana. Sabuni hakuna. Mama mdogo alinifulia sare kwa majani ya mpapai, akiyasugua mpaka povu jembamba la kijani litoke, huku akiimba nyimbo za kwaya. Nikiinusa leo harufu ya jani la mpapai lililopondwa, naona mikono yake.

Katika shida hiyo, kijiji kilijenga zahanati. Wanaume walifyatua matofali, wanawake na watoto tulibeba maji. Wilaya iliahidi kwamba siku jengo litakapopata paa, italeta mkunga. Mpaka hapo, mwenye uchungu mgumu alipelekwa hospitali Bunda kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kila mtu aliijua njia ya Bunda wakati wa masika. Kila kaya ikakatwa sehemu ya pamba yake, msimu baada ya msimu, mpaka mabati yakapatikana kwa kibali. Yalipofika, wanawake waliyapokea kwa vigelegele kama bibi harusi.

Yalihifadhiwa kwetu, katika chumba nilichokuwa nikilala na mama mdogo kabla hajaolewa. Usiku wa joto niliegemeza shavu kwenye bati la mwisho, likanipooza.

Kesho yake baada ya mabati kufika palizuka ubishi mkubwa. Kwetu kila ukoo una alama yake ya kukata sikio la ng'ombe, ili hata akichanganyika na kundi la mbali ajulikane ni wa nani. Wazee waliona mabati nayo yatiwe alama. Lakini ya ukoo gani? Walibishana mpaka pombe ikaisha, wakakubaliana itumike ya babu, kwa kuwa mabati yamelala kwake. Babu akaazima mkasi wa fundi, akakata kila bati kona ya kushoto, taratibu, akilishika kama anashika ndama. "Mali ya mtu haipotei," alisema. "Ina masikio."

Hayakupata muda wa kupanda juu ya kuta.

Mkubwa mmoja kutoka wilayani alikuja na Landrova, shati lake la kaki limenyooshwa vizuri kwa pasi. Mkutano ukaitishwa. Alisema wanamichezo wa nchi jirani wanakuja Musoma, watakimbia, watacheza mpira, na wakubwa wao wataandamana nao. Jukwaa la wageni halina paa na mabati hayapatikani nchi nzima. Amesikia kijiji hiki kinayo.

"Tunaazima tu, wazee wangu. Wageni wakiondoka, yanarudi."

Bibi alisimama. "Bwana mkubwa, na mimba nazo tuziambie zisubiri wageni waondoke?"

Watu waliangua kicheko. Mama mdogo, ambaye alikuwa ameolewa kilima cha pili na sasa amerudi kwa mama yake kuzaa mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi, alijifunika uso kwa kanga.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti wa kijiji alisema. "Tunaongelea mambo ya taifa."

Kisha babu akasimama, na kicheko kikakoma. Alisema sisi hapa tunawekeshanaga ng'ombe tangu enzi. Mwenye wengi humpa asiye naye, huyo akamchunga, akanywa maziwa, na siku mwenyewe akimtaka, ng'ombe anarudi na ndama wake. Hakuna karatasi wala polisi. Mtu aliyekana ng'ombe wa kuwekeshwa hakuna aliyeoa kwake, wala hakuzikwa na watu. "Serikali imekuja kutuomba ng'ombe wa kuwekeshwa," alisema. "Sisi ni akina nani wa kumnyima jirani siku ana wageni?"

Walipiga makofi. Nataka uelewe hapo, kwa sababu chuoni nilipokuwa nikisimulia kisa hiki wenzangu walikuwa wakitafuta bunduki. Bunduki haikuwepo. Walipiga makofi, hata mume wa mama mdogo, na vijana waliyapakia mabati kwa nyimbo. Swali hili limenisumbua miaka yote: mtu akikubali kutoa kitu kwa desturi ambayo mpokeaji haijui, je, amekubali nini?

Nisikudanganye kuhusu siku yenyewe. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Lori la pamba lilitubeba kwa njia ya Butiama, tumesimama tumeshikana viuno, vumbi limetufanya wote wazee. Kiwanjani kulikuwa na bendera nisizozijua, bendi ya matarumbeta, na wasichana wa nchi nyingine waliovaa raba nyeupe, wakikimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Msichana wetu alipompita wa kwao mwishoni, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama mdogo, tumbo mbele, aliruka juu, na bibi akamvuta kanga: "Wewe! Utamzaa hapa hapa uwanjani!"

Mvua ilitukuta huko. Wakubwa walikuwa juu jukwaani, wakavu, vikombe vya chai mkononi. Sisi tulilowa mpaka mifupa. Babu alinigusa bega, maji yakimtiririka puani, akanyoosha fimbo kwenye paa lile. "Unaona, mke wangu? Yale yetu." Alitabasamu. Sijawahi kumwona tena na tabasamu lile.

Wageni waliondoka. Mabati yakabaki.

Masika yalipokolea, mama mdogo alishikwa na uchungu asubuhi, wakati wa kukamua. Mpaka jua lilipopanda wakunga wa jadi walikuwa wametazamana na kusema apelekwe Bunda. Wanaume walifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza juu ya majani makavu, bibi akapanda naye. Walipopita mbele ya zahanati nilikuwa nyuma yao. Kuta nne nzuri, mlango, dirisha, na juu mbingu. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa ndani kama birika la kunyweshea mifugo. Mama mdogo aligeuza kichwa akalitazama jengo lile.

Udongo mweusi uliushika mkokoteni kabla ya barabara kubwa. Wanaume walisukuma, wakaongeza ng'ombe, wakavunja mti wa kuwekea magurudumu. Bibi alisimama matopeni akawaambia waache kusukuma. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayewaambia chakula tayari. Mama na mtoto walizikwa kaburi moja.

Baada ya hapo babu alianza safari zake. Alikuwa akipanda lori hadi Musoma, amevaa koti lake la kanisani, anauliza habari za mabati. Mara ya kwanza alikaribishwa kiti. Baadaye aliambiwa jukwaa sasa ni mali ya taifa. Kijana mmoja wa ofisini alimcheka: "Mzee, kwani bati lina masikio?" Babu akamjibu, "Ndiyo, la kushoto." Alitusimulia hayo mimi na bibi, na wala hakuwa anatania.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba, redio. Jukwaa lilibomolewa, vifaa vyake vikauzwa, na hakuna aliyeweza kunieleza nani alimuuzia nani. Babu alikufa na koti lake limeninginia mlangoni, likisubiri safari. Leo ukienda hospitali unachangia gharama, ukikosa unarudi nyumbani. Na redio inaniomba nichangie wageni.

Mwenye baa, mwanamke mnene mwenye cheko la bure, aliniona nimekodoa macho juu. "Dada, vipi, paa linavuja?"

"Mabati haya uliyapata wapi?"

"Mnadani, dada yangu. Mabati ya zamani haya, mazito. Siku hizi wanatuletea karatasi."

Nilimwona si mbaya. Alinipa hata kiti. Mvua iligonga lile paa kwa sauti ambayo zahanati yetu haikuwahi kuisikia, nami nikakaa kavu chini yake, kama wakubwa wa siku ile.

Kesho yake nikaenda kijijini. Kuta za zahanati bado zimesimama, matofali yetu yalikuwa mazuri. Bibi amepanda mchicha ndani, katika chumba kilichokusudiwa wazazi, kwa sababu mbuzi hawawezi kuingia. Nilimkuta ameinama akichuma. Kijijini siku hizi hakuna anayemwekesha mwenzake ng'ombe. Wenye nao wameajiri wachungaji, wasio nao wananunua maziwa kwa kikombe.

Nilimwambia nilichokiona Kamunyonge.

"Yamekatwa upande gani?" aliuliza, bila kuinuka.

"Kushoto, bibi."

Alichuma kidogo, akaweka kwenye ungo. "Basi yako hai."

"Yako hai."

"Mwambie huyo mwenye baa si kosa lake. Yeye kachunga tu." Alinyooka polepole, mkono kiunoni, akatazama kuta zile moja baada ya nyingine, na mchicha uliozijaza katikati. "Lakini wale walioyaazima, wewe wadai ndama, mke mwenzangu. Usiwaache. Ng'ombe aliyekaa kwa mtu miaka yote hii, hebu fikiri, ndama wake wangekuwa wangapi humu ndani."