Dago Halikufungwa

Swabaha binti Sudi, mzaliwa wa Miburani hapa Mafia, alikuwa mpishi wa dago, kambi ya wavuvi wa msimu watokao Kilwa. Wali wake kwa mchuzi wa changu uliliwa na pwani nzima, wageni kwa wenyeji.

Kipindupindu kilipoingia, wanakijiji waliwatupia lawama wageni. "Wametuletea maradhi. Warudi kwao!" Wengine walianza kung'oa makuti ya vibanda vya wageni hao.

Mansuri, bwana afya, aliwapima watu wote wa dagoni, wazima kwa wagonjwa. Majibu yalipotoka alimfuata Swabaha jikoni, akamkuta anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Ahsante, lakini leo sinywi. Una vijidudu vya kipindupindu tumboni."

"Mie? Tumbo lilinikoroga kidogo tu, nikapona!"

"Umepona, ila bado unavyo, na wewe ndiye unayelisha watu wote. Sitaki kufunga dago zima. Nawatenga wachache wanaoweza kuambukiza wengi. Utakaa zahanati, unywe dawa, mpaka vipimo viwe safi."

Swabaha aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Angeweza kwenda kimyakimya, wageni wakabaki na lawama. Lakini kelele za vibandani zilimfikia. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda akasimama mbali kidogo na umati.

"Jamani, acheni hayo makuti! Mwenye maradhi ni mimi, Swabaha, mwenzenu. Mimi ndiye nakwenda kutengwa. Hawa waacheni!"

Mikono ikashuka.

Zahanati alipewa chumba na choo chake peke yake. Kila asubuhi Marijani, nahodha wa Kilwa, alimwekea uji kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Chumvi ikipungua usinicheke, bibi."

"Nicheke nini? Mchemshe maji, basi! Mnachemsha?"

"Tunachemsha, mpaka kuni zinatuishia!"

Wagonjwa wapya walipungua, kisha wakakoma kabisa. Dago halikufungwa hata siku moja.

Mansuri alipomfungulia mlango na kumwambia yu safi, Swabaha alikuta uwanja umejaa, wenyeji na wageni bega kwa bega, vigelegele vinapasua masikio. Vijana wa Kilwa wakambeba juu juu.

"Niteremsheni, nyie! Mtaniangusha!" alipiga kelele, huku anacheka mpaka machozi yanamtoka. Hawakumteremsha mpaka walipofika naye pwani.