Kidege cha Kaka Faki

Mafuta ya nyonyo yakichanganywa na spiriti hutoa harufu ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau tena: nzito na tamu kidogo mwanzoni, halafu kali, ya kupanda puani. Nyumbani kwetu Baleni ilitoka kwenye kopo la bati lililokaa chini ya kitanda cha kaka yangu Faki, na ndiyo iliyokuwa harufu ya kiangazi kile kizima, mwaka tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa. Kabla ya hapo tulikaa ndani ya minazi yetu, na jirani wa karibu ungemwita asisikie. Sasa tulikuwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama madawati ya shule, na mtu akikohoa kwake, wa nyumba ya tatu anampa pole. Mama alikuwa akisema kwamba zamani kila nyumba ilikuwa na minazi ya kufichia siri zake, na sasa siri tumezianika uani pamoja na muhogo.

Siri yetu sisi ilikuwa Kaka Faki mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kwanza, mimi wa mwisho, na waliokuja katikati mama aliwazika wangali wachanga. Serikali ilimpeleka ng'ambo, katika nchi moja ya baridi, kusomea ufundi wa ndege. Alipoondoka Baba alisomesha maulidi, na watu walikuja kula pilau hata kutoka Kirongwe. Kisha akarudishwa kabla ya kumaliza. Mikono yake ilitetemeka asiweze kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, na maneno yalimtoka mazito, yamegandana, kama mtu anayesema na wali mdomoni. Walimu wake wa kule walisema amezidi ulevi. Hayo alitueleza mwenyewe, kwa shida, siku ile ile aliyofika, akaapa kwamba pombe hajawahi kuionja. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kutawadha. Tangu hapo hakuwa na neno naye ila salamu. Kaka akisema, "Shikamoo, Baba," Baba huitika, "Marahaba," macho yakiwa pengine. Majirani walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Mama alimpeleka hospitali Kilindoni, wakampa vidonge vya kumtuliza. Akampeleka kwa mganga, akapungwa na kufukizwa. Mikono iliendelea kutetemeka.

Katika mizigo aliyorudi nayo kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake kidege alichokiunda yeye na wenzake chuoni, chenye mabawa marefu kuliko mimi. Kilikuwa na injini ya kweli ya kutosha kiganjani, na redio ya kukiongozea kikiwa hewani. Lakini sanduku lilianguka liliposhushwa Kilindoni. Betri za redio zilikuwa zimevimba na kuvuja, injini iling'oka, na boneti, kile kifuniko cha plastiki kinachovikwa juu ya injini, ilikwenda upande. Kaka alisema betri zitapatikana Dar es Salaam siku moja, lakini injini itafungwa hapa hapa. "Wakikiona kinaruka," aliniambia, "watajua nilikwenda kusoma." Akashika bisibisi. Ncha yake ilicheza juu ya skrubu, ikateleza, ikachora ubao. Akajaribu tena, na tena, mpaka jasho likamtoka. Mwisho aliniwekea bisibisi mapajani na kusema, "Mwanamvua, nikopeshe mikono yako."

Nilikuwa darasa la tatu. Kila nikitoka shule nilikula muhogo wangu haraka nikaingia chumbani kwake, akaegemea ukuta, mikono ameikalia ili isimsumbue, akanielekeza kwa mdomo. Nilijifunza kwamba injini ya ndege haifungwi ikatazama mbele moja kwa moja. Pangaboi la puani likizunguka huivuta ndege kushoto, kwa hiyo injini hutazamishwa kulia kidogo na chini kidogo. Tulikata vipande vyembamba vya bati la kopo la maziwa tukavipachika nyuma ya injini, upande mmoja, mpaka ikageuka kadiri alivyotaka. Lakini ikigeuka hivyo, pua yake nayo huhama, na ukivisha boneti unaona tundu la mbele limejaa upande huu na limeachama upande ule. Basi unafungua yote, unaisogeza injini kushoto, unafunga upya, unavisha boneti tena. Kaka alinipa kipande cha kadi nikipitishe kuzunguka pua, kati yake na ukingo wa tundu. Kadi ikikwama popote, tunaanza upya. Ilikwama siku nyingi sana. Nililia mara nyingine, na yeye akakasirika, na alipokasirika maneno yakazidi kumganda, nikawa sielewi anachotaka, naye akijua kwamba sielewi. Tulikuwa tunatazamana tu, kila mmoja na shida yake, mpaka mmoja wetu acheke.

Kutoboa matundu ya skrubu za boneti ndiko kulikomfurahisha zaidi, kwa sababu boneti ikishavikwa huoni tena pa kutoboa. Alinifanya nibandike ncha moja ya ukanda wa karatasi ubavuni mwa kidege, nitie juu yake alama ya tundu, niinue karatasi, nivishe boneti, kisha niirudishe karatasi juu yake. Alama ikakaa pale pale panapotakiwa. Nikachoma kwa msumari uliopashwa moto. Jioni ile kadi ilizunguka pua yote bila kukwama. Kaka aliinamisha kichwa usawa wa kitanda, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. "Imekaa," alisema, na neno hilo lilimtoka safi.

Kesho yake tuliiwasha injini uani. Aliketi chini na kukumbatia mkia, mimi nikatia mafuta ya lile kopo la chini ya kitanda, nikagusisha waya za betri ya tochi na kusukuma pangaboi kwa kijiti kama alivyonifundisha. Ilipiga chafya, ikanyamaza, ikapiga tena, halafu ikashika. Sijasikia tangu hapo kitu kidogo chenye sauti kubwa namna ile. Kuku walikimbia, Mama akatoka jikoni na mwiko. Boneti haikugusa popote. Kidege kizima kilikuwa kikitetemeka, na mikono ya Kaka ikitetemeka juu yake, na kwa muda ule usingeweza kusema ni nani anayemtetemesha mwenzake. Alikuwa mtu kama watu wengine aliyeshika mashine. Moshi wenye mafuta ulimrukia kifuani na usoni, naye akafumba macho akitabasamu.

Sauti iliwaita watu. Baba alikuja mbio kutoka shamba la kijiji pamoja na Bwana Kombo, balozi wetu wa nyumba kumi, na walipofika injini ilikuwa imeishiwa mafuta na kuzimika. Baba hakutazama kidege. Aliinama juu ya mwanawe, mbele ya majirani waliojaa uani, akalinusa shati lake.

"Umekunywa nini?"

Kaka alifungua mdomo. Kadiri alivyohangaika ndivyo ulimi ulivyozidi kumlemea. "Ma... ma..." alisema, na mate yakamtoka, na nikasikia mtu nyuma yangu akiguna.

"Baba, ni mafuta ya ndege," nilisema.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Ni ya ndege, Baba. Mimi ndiye niliyeyatia."

"Mama Faki, mwondoe mtoto." Aliingia ndani, akatoka na kopo, akalinusa, akampa balozi naye anuse.

Bwana Kombo alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole, "Hii ni spiriti, Mzee. Wapo wanaokunywa."

Baba alilimimina lote mchangani. Mama alinishika mkono hapo mlangoni, nami niliona kwamba na yeye alitaka kusema na hakujua aanzie wapi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Letu lilikuwa limekuja, kila mtu amelishuhudia kwa pua yake. Kaka hakujaribu tena kueleza. Nadhani aliona kwamba kila neno lake lilikuwa shahidi wa upande wa pili.

Hatukupata mafuta mengine wala betri za redio, na kidege hakikuruka. Masika yalipoingia Kaka alikuwa hawezi kutembea, baadaye hawezi kumeza vizuri. Uchungu wa mwana aujua mzazi: Baba ndiye aliyemlisha uji, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa kanga ya Mama, na ndiye aliyemwogesha. Alifanya hivyo mpaka mwisho, bila kumwuliza lolote. Miaka mingi baadaye, na yeye akiwa kitandani, aliniambia, "Yule kaka yako nilimsamehe." Nikamwambia tena kwamba yale yalikuwa mafuta ya ndege. Akanipapasa mkono kama anayembembeleza mtoto.

Siku hizi kiwanja cha Kilindoni kina lami, na ndege zinaleta wageni wanaokwenda kuzamia Ghuba ya Chole. Mimi nakaa Dar es Salaam kwa mwanangu. Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu hospitali na kijana wake, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumcheza na ulimi kuwa mzito. Daktari, binti mdogo, alimmulika machoni, akatuonyesha duara la rangi ya shaba kuzunguka kioo cha jicho. Alisema ni ugonjwa wa ujana, madini yanajikusanya mwilini, na kwamba vidonge vipo, kijana atavinywa maisha yake yote. Sikumbuki macho ya Kaka yalikuwaje. Nilikuwa nikitazama mikono yake.

"Miaka ya ujamaa," nilimwuliza, "dawa hii ilikuwepo?"

"Ilikuwepo huko nje, Bibi. Hapa wangapi wangeujua ugonjwa wenyewe? Wengi walidhaniwa walevi."

Jirani yangu alikuwa akilia kwa shukrani, nikamshika bega. Nilitamani kuwa na mtu wa kumpelekea habari ile. Mama hayupo, Bwana Kombo hayupo, na Baba amelala Baleni, kando ya mtoto aliyemsamehe kosa ambalo hakulifanya.