Jani la Isale Mbele ya Madhabahu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipokaa kanisani na viatu vilivyonibana, nikiomba ibada iishe upesi. Lilikuwa kanisa letu la Kilutheri huku mlimani Meru, na aliyesimamishwa mbele ya washarika alikuwa Shangazi yangu Elirehema. Alikuwa anarudishwa kundini. Nyie vijana wa Njiro mnaosikiliza mahubiri kwenye simu huenda hamlijui jambo hilo, kwa hiyo nieleze. Zamani zile mtu akionekana amekosea, wazee wa kanisa walimtenga na Meza ya Bwana. Alikuja ibadani kama kawaida, lakini wenzake walipokwenda kupokea mkate na divai, yeye alibaki kwenye benchi pamoja na watoto. Akifa katika hali hiyo, mchungaji hamziki. Akitaka kurudi, anasimama mbele ya watu wote na kukiri.

Kosa la Shangazi lilikuwa kwamba alifunga Ramadhani.

Usicheke. Shangazi alikuwa mjane na mwimbaji wa kwaya, mtu wa kanisa hasa. Mumewe alipokuwa mgonjwa, shemeji yake, Anaeli, alichepusha maji ya mfereji kwenda shambani kwake hata siku za zamu ya kaka yake. Migomba ikakauka huku mgonjwa akiiangalia kupitia dirishani. Siku ya mazishi Shangazi akamlaani Anaeli pale pale kaburini, kwa maneno ambayo sitayarudia. Watu wakasema dua la kuku halimpati mwewe. Ni kweli, halikumpata. Lilimpata yeye aliyelitoa, maana tangu siku ile hakuweza tena kusali. Aliniambia, “Nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, jina la Anaeli linanikaa kooni kama mwiba.” Na Anaeli wakati huo alikuwa amekwisha chaguliwa mzee wa kanisa!

Alimwendea mchungaji, naye akamwambia asamehe. Hilo alilijua. Alichokosa ni namna ya kulifanya, na kuuliza si ujinga, basi akaanza kuuliza.

Siku za soko alipeleka ndizi Sokon I, kule mjini, kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyeuza chakula. Mwanzoni mwa Ramadhani moja alimkuta mteja mmoja anamtukana Bi Zuhura matusi ya kumwamsha maiti. Bi Zuhura alijibu neno moja tu: “Nimefunga.” Shangazi akashangaa.

“Kwani ulimi nao unafunga?”

“Dada yangu, tumbo ndilo jepesi,” Bi Zuhura akamjibu. “Kazi iko kwenye ulimi.”

Shangazi akarudi nyumbani, na kesho yake akafunga. Aliamka kabla ya alfajiri, akala ndizi zilizobaki, akashinda shambani na njaa yake. Mwezi mzima hakumtaja Anaeli kwa ubaya. Mimi niliyeishi naye nilidhani anaumwa.

Mwezi ulipokwisha, hasira ilikuwa imepungua lakini haijatoka. Ndipo akaenda kwa mkwe wake, mama mzazi wa marehemu mumewe na wa Anaeli, bibi kizee aliyebatizwa uzeeni. Bibi akamwambia, “Moyo ukikataa, tuma miguu. Sisi tulipeleka isale.” Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekosa hufunga jani lake fundo, akampelekea aliyekosewa, na hakuna Mmeru anayethubutu kulikataa. Shangazi akaruka. “Lakini mimi ndiye niliyekosewa, mama!”

“Na laana ilitoka kinywani mwa nani?” Bibi akamuuliza.

Kabla hajapata nguvu za kulipeleka, habari ziliwafikia wazee wa kanisa kwamba Elirehema anafunga na Waislamu na kuulizia mila za kale. Anaeli ndiye aliyesema kikaoni, “Mshika mawili, moja humponyoka.” Wakamtenga. Akakaa karibu mwaka mzima na watoto kwenye benchi, mama mtu mzima, na kila siku ya Meza ya Bwana nilimwona akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Iliniuma sana. Mwishowe akaomba kurudi, nao wakamwambia sharti lao: aukane mfungo na mila, aviite uchafu, mbele ya wote.

Basi Jumapili ile mchungaji akamuuliza, “Mama Elirehema, unavikana?” Akisema ndiyo, amerudi. Akisema hapana, atakufa na kuzikwa bila wimbo wa kwaya yake mwenyewe. Nilitamani aseme ndiyo, mwanangu, sikufichi.

“Mchungaji,” alisema, “dhambi yangu naijua na si hiyo. Nilimlaani shemeji yangu juu ya kaburi la mume wangu. Mfungo ndio ulioninyamazisha. Nikiuita uchafu, nitakuwa nasema uongo hapa madhabahuni.”

Kisha akatoa ndani ya kitenge jani la isale lililofungwa fundo. Kanisa zima likaguna. Akatembea mpaka kwenye benchi la wazee, akalinyoosha kwa mikono miwili. “Shemeji Anaeli, nimekuja. Nisamehe.”

Anaeli alikuwa na kanuni zote za kanisa upande wake. Angeweza kukataa na wengi wangempongeza. Lakini mikono yake iliinuka kabla mdomo haujapata la kusema, akalipokea jani. Halafu akaanza kulia, mwanamume mzima na tai yake. “Mimi ndiye niliyeikausha migomba,” alisema. “Kaka yangu alikufa akiiangalia.”

Mchungaji alitutazama washarika. Akasema, “Upatanisho huu nimeuhubiri miaka yote na haukuja. Leo umeingia kwa mlango nisioujua. Siwezi kuufukuza.” Akawaita wote wawili Mezani. Si kila mtu alifurahi. Wako waliotoka nje, na mzee mmoja hakumsalimu Shangazi mpaka anaingia kaburini. Shangazi alibaki Mlutheri, aliendelea kufunga kila Ramadhani bila kelele, na alipofariki kwaya ilimwimbia mpaka sauti zikakauka. Sijamwona mtu jasiri kama yeye, na nimeishi miaka mingi.

Siku ile tukirudi nyumbani nilijawa na majivuno. Nikamwambia, “Shangazi, na mimi nitachukua kidogo kidogo katika kila dini.” Akasimama njiani, akanitazama kwa ukali. “Mimi sikwenda kuchagua nyanya sokoni, binti. Nilikuwa naumwa, nikatafuta dawa. Wewe unaumwa wapi?”

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Nimesikia unaingia kanisani, unasoma vitabu vya Waislamu, unawauliza wazee mambo ya mila, na nyumbani wanakugombeza. Mimi sikugombezi. Mungu si wa ukoo mmoja, na jirani anaweza kukufundisha sala ambayo mama yako hakuijua. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ukichukua karamu ya watu, chukua na njaa yao. Nyumba iliyokulea usiitukane kwa sababu umeona nyingine nzuri. Na ukitaka kujua kama utafutaji wako ni wa kweli, usihesabu unayoyajua, angalia ni nani umepatana naye.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe jirani wa kukufundisha na wazee wa kukuonya. Akupe miguu pale moyo unapogoma. Na siku watakapokusimamisha mbele za watu wakutake umkane aliyekutendea wema, akupe sauti.