Vyombo vya harusi vilivyoingia Mwabungo mara mbili

Mwenzangu wa moyoni, wewe ambaye zamu yako ya daftari hili tunalopokezana imefika, assalamu alaikum.

Nawasalimu nyote wa darasa la jioni. Wakubwa wangu, shikamooni. Nayaandika yaliyonifika mimi mwenyewe, chumvi sikutia. Aliyekuwako akiona nimekosea, aandike hapo chini. Nafasi nimeacha.

Wiki iliyopita mwalimu alituuliza: mtu akiwa na safari au mzigo, ni nini kinachomfanya achague lori, basi, punda au miguu yake? Wengi mlijibu bei. Wengine mkasema haraka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu jibu langu ni refu.

Ni hili.

Binti yangu Riziki aliposwa Mwabungo, huko pwani. Sisi twakaa Kikoneni, mbali na pwani. Desturi mwaijua: kabla ya nikahi, mama hutanguliza vyombo vya bintiye nyumbani kwa mume. Mimi nilikuwa na kitanda cha kamba, kasha, mikeka sita, mitungi miwili, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, na kinu na mchi wake. Kinu hicho alikichonga marehemu baba yangu, na hakuwa mtu wa kubania gogo.

Sasa, huko Mwabungo kuna mama mmoja mwenye wajukuu, aitwaye Kanga Moja. Siku ya posa niliuliza sababu. Nikaambiwa aliolewa akaja na kanga aliyojifunga tu. Hayo ni ya zamani, lakini mpaka leo watoto humwamkia, "Shikamoo Bi Kanga Moja," naye huitikia marahaba.

Niliporudi nyumbani nilisali rakaa mbili, nikamwomba Mungu mwanangu asipate jina.

Kisha tukakaa kuchagua njia.

Punda wa jirani alikuwa mmoja, na kinu peke yake kilimtosha.

Mashua ya Msambweni ni rahisi, lakini kwanza ufike Msambweni. Na nahodha hakutaja siku. Alisema inshallah. Kwa Mungu nina imani, ila inshallah ya yule nahodha naijua.

Basi halifiki Kikoneni. Lapita barabara kuu, na kondakta akiona kitanda hukuuliza kama nacho kitakata tikiti.

Zamani wanawake walivibeba kichwani njia nzima, siku mbili, wakilala kwa jamaa. Mama yangu aliolewa hivyo. Lakini masika yalikuwa yakaribia, na magoti yangu si ya mama yangu.

Ndipo shemeji yangu Bakari, nduguye mume wangu, akasema, "Shemeji, lori la machungwa laondoka Ijumaa asubuhi. Dereva ni rafiki yangu. Vyombo vitafunikwa turubai, vitafika havina hata vumbi."

Nikauliza yangu yote. Mitungi je? Itazungushiwa majani ya mgomba. Mvua? Turubai. Na sala? Dereva atasimama.

Nikaridhika. Hata leo nasema lori lile halikuwa na kosa hata moja.

Sisi wanawake hatukulipanda. Mbele palikuwa na nafasi moja kando ya dereva, akaikalia Bakari. Tukatoka alfajiri kwa miguu, wanawake saba, mpaka barabara kuu, tukangojea basi. Wenye kungojea basi wanajua, sina haja ya kueleza.

Lori lilifika Mwabungo adhuhuri. Wanaume walikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa. Wanawake walikuwa kisimani, wakifua nguo za kuvaa harusini. Bakari na dereva wakashusha vyombo, wakaviweka chumbani, wakafunga mlango, wakakimbilia sala.

Vilifika havina vumbi. Wala havikuwa na shahidi.

Sisi tulifika saa tisa. Bi Zuhura, shangazi wa bwana harusi, alikuwa barazani na wanawake wa mtaa mzima.

"Karibuni, karibuni. Poleni na safari." Akatazama mikono yetu. Akatazama nyuma yetu, ambako hapakuwa na kitu. "Na vyombo?"

"Vimeshafika, dada. Viko chumbani."

"Nani aliyeviona?"

Bakari akajitokeza. "Mimi hapa."

"Wewe wa upande wao. Hata ngamia ungesema umeona."

Nikafungua mlango, nikamwonyesha. Akaangalia kila kitu, hakuharakisha.

"Kitanda nakiona kimekaa," akasema. "Sikukiona kikija. Na mwanetu naye ana kitanda chake. Watu watajuaje?"

Mmoja nyuma akasema, "Huyo Kanga Moja wa pili," na wenzake wakacheka.

Nikamkumbuka Riziki, yuko Kikoneni amekaa ndani, apakwa hina, ana furaha yake. Nilikuwa nimehesabu mvua, matope na mitungi. Macho ya watu sikuyahesabu.

Bi Zuhura si mtu mbaya, nataka ijulikane. Alinivuta kando. "Mkwe wangu sitaki apate jina. Vitoeni. Mviingize tena."

Basi tukavitoa kwa mlango wa uani, kinu akikivingirisha Bakari, tukapita minazini ili mtaa usituone. Tulikuwa hatujafika mbali, sauti ikatoka juu ya mnazi. Alikuwa mgema.

"Hee! Wameshaachana?"

"Bado hawajaoana," nikamjibu.

"Lahaula," akasema, akaendelea kugema.

Tukafika barabara kuu, tukajipanga. Kitanda watu wawili, kasha mmoja, na vingine wanne waliobaki. Kinu kikabaki chini, hakina mtu. Bakari akajitolea, lakini mbele za watu mwanamume habebi vyombo vya bi harusi, hilo hata yeye alilijua.

Mama mmoja mrefu alikuwa ametufuata kutoka barazani. Akakunja kanga yake akafanya kata, akaiweka kichwani.

"Nitwikeni mimi."

"Ahsante, mama. Jina lako nani?"

"Si mwalijua? Mwalicheka sasa hivi."

Mimi sikucheka. Nikashika kinu upande mmoja, tukamtwika.

Njiani akaniambia, shingo imenyooka chini ya kinu, "Vyangu vilikuwa vingi kuliko hivi. Baba alitaka haraka, akavileta kwa gari la ng'ombe, alfajiri, watu wako msikitini. Nikafungua mlango nikawaonyesha. Wakasema ni vya mume."

"Kwa nini hukuvitoa ukaviingiza tena?"

"Hakuna aliyeniambia."

Tukaingia Mwabungo kwa vigelegele, kinu mbele. Bi Zuhura akasimama barazani akitaja kila kimoja kwa sauti, mpaka mbuzi ya nazi. Yule mgema akapaza sauti, "Mashaallah! Na hivi vyatoka wapi?"

"Kikoneni!" tukamjibu.

Riziki yuaitwa Riziki mpaka leo, alhamdulillahi.

Kwa hiyo jibu langu, mwalimu, ni kwamba bei ni kweli, haraka ni kweli, mvua na vyombo kuvunjika ni kweli. Lakini kuna mzigo ambao kufika hakutoshi, sharti uonekane ukifika. Wa namna hiyo mimi sasa naupeleka kwa lori mpaka barabara kuu, na kwa kichwa kutoka barabara kuu mpaka mlangoni. Mwenye njia bora aandike.

Na wewe, mwenzangu, ukishaandika maoni yako usilifungie daftari kashani. Mpe anayefuata, naye alipeleke Kombani, lizunguke mpaka lifike Mwabungo, lisomwe pale barazani mbele za watu.

Yule mama nilimwuliza jina alilopewa na wazazi wake. Ni Mwanaisha. Alikuja na kitanda, makasha mawili, mikeka kumi na kinu.

Mwambieni na mwenzenu.