Bahasha ya Mgeni

Chumbani kwao kulikuwa na misumari mitano ukutani, juu ya meza ya kulia, na kila msumari ulishika bahasha moja ya kaki. Kodi. Chakula. Mashine. Dharura. Na ya tano, ambayo tutaifikia, ingawa wenyewe walikuwa hawaifikii hata kwa macho.

Mume alikuwa mchora mabango. Mtaa mzima ulimwita Brashi, na ukiona kinyozi amechorwa mlangoni mwa duka, shingo ndefu kuliko mkono, basi hiyo ni kazi yake: herufi alizijua, watu walimshinda. Mke alikuwa fundi cherehani, na Brashi alimwita hivyohivyo, Fundi, hata siku walizonuniana. Ndoa yao ilikuwa na miaka mitatu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakishakula mchana, walifuta meza, wakamwaga walichopata, wakagawa. Fundi ndiye aliyeshika daftari, maana Brashi akiachiwa hesabu, jibu linatoka na maua pembeni.

Watu waliwaona wabahili. "Nyinyi mtazikwa na bahasha zenu," mwenzake Fundi alimtania kazini. Fundi alicheka tu. Mtu aliyekulia nyumba ambayo mwenye nyumba akigonga mlango familia nzima inaingia uvunguni, hahitaji kufundishwa na mtu kwamba kodi inawekwa kwanza.

Sasa ile ya tano. Iliandikwa MGENI. Brashi aliichora siku Fundi alipotoka kliniki na habari njema, akaipamba kuliko zote: herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu, na mmea wa maua unaotambaa kuanzia M hadi I. "Mgeni anakuja mara moja," alisema, "lazima akute jina lake limekaa vizuri." Siku hiyohiyo akampigia simu shangazi yake aliyemlea, anayeishi mbali. "Shangazi, tunatarajia mgeni!" alipiga kelele, kwa kuwa mama huyo masikio yake yalikuwa yameanza kugoma. "Nimesikia, mwanangu, nimesikia!" Simu ikakatika.

Mgeni alifika mwezi wa nane, kabla ya siku zake, na hakulia. Walirudi nyumbani mikono mitupu. Fundi alikunja vile vinguo alivyokuwa ameshona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, akavitia chini kabisa ya sanduku. Brashi aliitoa bahasha, akaiziba mdomo kwa selotepu, akairudisha kwenye msumari wake. "Tuiache kwanza," alisema. Akageuza kiti chake, na toka siku hiyo akawa anakula akiwa ameupa ukuta mgongo. Ilipita miezi kumi na moja, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho kusemwa juu yake.

Kimya kikikaa sana ndani ya nyumba, huanza kudai kiti. Walizungumza bei ya mkaa, walizungumza mwenye nyumba na bomba lake lisilotoa maji, walitaniana hata. Lakini mazungumzo yalipita pembeni ya kitu kimoja, na Fundi aliweza kusikia yanavyokipita.

Alikuwa na siri. Pembeni, selotepu ilikuwa imeachia kidogo, upana wa kidole. Kila mteja aliyeleta shati la kubandikwa vifungo tu, hela yake haikuingia kwenye daftari. Fundi aliikunja mara nne, na asubuhi, Brashi akiwa bafuni, akaisukuma kwenye ule upenyo. Ungemuuliza kwa nini, asingekujibu vizuri. Aliogopa tu. Aliogopa kwamba siku bahasha ile itakapokuwa tupu, au itakaposhushwa, mtoto wake atakuwa hajawahi kuwepo. Hakukuwa na kitu kingine chochote duniani chenye alama yake.

Hilo lingekuwa huzuni ya kawaida. Kilichomtia hofu ni kwamba bahasha ilianza kunenepa.

Hela za vifungo hazinenepeshi kitu, yeyote aliyewahi kushona anajua. Lakini kila alipofagia na kuigusa kwa ncha za vidole, aliikuta imeshiba kuliko alivyoiacha. Mwezi mmoja aliumwa, akakaa wiki tatu bila kushika sindano wala kutia hata senti. Alipoinuka akaigusa. Ilikuwa imevimba. Alisimama pale na ufagio mkononi, nywele zimemsimama.

Bila shaka alimfikiria mumewe, hakuwa mjinga. Akapekua daftari: ujira wa kila bango umeandikwa, kila senti imefika mezani. Na mwanamume huyu hakuweza hata kuutazama ule ukuta. Kama si yeye, ni nani? Ndipo mawazo yakaanza kumpeleka asipotaka kwenda. Mchana, akiwa peke yake nyumbani akipiga pindo kwa mkono, alisikia bahasha ikikwaruza ukuta. Ni upepo, alijiambia. Akafunga dirisha. Ikakwaruza. "Nimekusikia," alijibu kwa sauti ya chini, kisha akajionea aibu, akaendelea kushona.

Basi, katika hali hiyo, mwenye duka alikoshonea kwa mashine ya kukodi akamwita. Alikuwa anauza mashine yenyewe. "Nakupa wewe kwanza kwa sababu unaijua," alisema. "Lakini Jumamosi ikipita, kuna mtu ana hela mkononi." Walimwaga bahasha ya Mashine, wakaongeza Dharura yote. Zikapungua elfu arobaini na tatu. Brashi alitazama vidole vyake vyenye rangi. Fundi alitazama meza. Wote wawili walijua msumari wa tano uko wapi, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme, na kila mmoja aliomba mwenzake asiseme.

"Tutaona," alisema Brashi.

"Tutaona," alijibu Fundi.

Jumanne, saa sita mchana, Fundi alikuwa peke yake nyumbani na pindo lake aliposikia sauti mlangoni, sauti ya mwanamke, nene na ya furaha.

"Hodi! Mgeni wenu nimefika!"

Mkasi ulimdondoka. Alibaki kwenye kiti, moyo unapiga kama cherehani isiyo na breki, mpaka mlango ukajisukuma wenyewe na kuingiza kikapu, kisha fimbo, kisha shangazi ya Brashi mwenyewe, akitweta.

"Mbona umekaa kama umeona jini, mwanangu? Si mlinitarajia? Nimechelewa, najua, mwaka na zaidi! Lakini goti hili, na mavuno, na mbuzi… Nisamehe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, nimekuja, mpone."

Fundi alimpokea kikapu. Alielewa papo hapo. Ile simu. Mama wa watu alidhani mgeni ni yeye. Wala hawakumpigia tena, kwa maana wangempigia waseme nini?

Brashi aliporudi jioni na kumkuta shangazi yake amekaa, alimkumbatia muda mrefu kupita kawaida. Wala yeye hakumwambia habari ya mtoto. Wakamwachia kitanda, wakalala chini, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho. Kwa siku tatu chumba kilijaa. Shangazi alipika, alikosoa, alimcheka Brashi kwa vinyozi wake wenye shingo za twiga. Fundi alicheka naye, akashangaa kusikia kicheko chake.

Ijumaa mchana Fundi alirudi mapema amsindikize. Alikuta kikapu kimefungwa, viatu vimevaliwa.

"Mwanangu," alisema Shangazi, macho yamelowa kidogo, "nimefika nyumba nyingi. Zipo waliponipa kiti, zipo waliponipa nyuso. Lakini kunitengea fungu langu ukutani, tena na maua! Nimechukua nauli tu, elfu sita. Zilizobaki sizitaki, mna maisha yenu."

Fundi aligeuka. Selotepu ilikuwa inaning'inia. Bahasha ilikuwa wazi.

Sauti iliyomtoka hakuijua mwenyewe. "Si yako! Si yako, Shangazi! Rudisha! Rudisha ya mwanangu!"

Wakati huohuo Brashi alikuwa anaegesha ngazi yake nje. Alisikia, akaingia mbio, akawakuta: mkewe ameikumbatia bahasha kifuani, amekaa sakafuni, na shangazi yake amesimama na noti mkononi, mdomo wazi, masikio yake kwa mara ya kwanza yamesikia kila kitu.

"Mwanao yupi?" aliuliza polepole.

Shangazi akautazama ukuta, akaitazama bahasha, akamtazama Fundi. Akakumbuka ile simu, upya. Akaweka noti mezani, akajishusha chini na goti lake bovu mpaka akakaa sakafuni karibu na Fundi. Hakusema pole. Aliuliza jambo ambalo miezi kumi na moja hakuna aliyeliuliza, si jirani wala ndugu.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Fundi aliikaza bahasha kifuani.

"Wa kike," alisema Brashi kutoka mlangoni. Alikuwa ameugeukia ukuta. "Alikuwa na vidole virefu. Kama vya mama yake."

Fundi hakuwa na habari kwamba mumewe alimwona. Siku zote aliamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyemwona. Alilia, safari hii kwa sauti, na Brashi akaja akakaa nao chini, na Shangazi akawaacha walie bila kuwaambia wanyamaze.

Walipotulia, walimwaga bahasha sakafuni. Noti zilizokunjwa mara nne, na noti zilizoviringwa kama sigara, zenye madoa ya rangi.

"Hizi zangu," alisema Fundi, akikusanya zilizokunjwa. "Za vifungo. Elfu kumi na nane."

Brashi alikusanya zilizoviringwa. "Elfu thelathini na moja. Nauli. Nilikuwa natembea kwa miguu kwenda na kurudi." Kisha, kwa aibu: "Kila nikitia, nilikuta imeongezeka. Ndiyo maana nilishindwa kuitazama. Niliogopa, Fundi. Nilidhani…"

"Najua ulichodhani," alisema Fundi.

Na zile sita za Shangazi zilikuwa zimetoka humohumo. Walizirudisha kwenye hesabu, madoa yakazitambulisha kuwa za Brashi, ndani ya zile thelathini na moja. Jumla ya wote wawili ilikuwa arobaini na tisa. Lakini sakafuni kulikuwa na hamsini na moja. Elfu mbili zilibaki: noti moja, haikukunjwa wala kuviringwa, imenyooka.

"Yako?"

"Si yangu. Yako?"

"Mimi nilichukua, sikutia," alisema Shangazi, mikono juu.

Walihesabu tena. Fundi, aliyejua hesabu kuliko wote, alihesabu mara ya tatu. Elfu mbili hazikupata mwenyewe. Upepo haukuwepo, na dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mlimwita nani?" aliuliza Shangazi.

"Hatukuwahi kumpa jina," alisema Fundi. "Hakungoja."

"Hamkumpa?" Shangazi alinyoosha fimbo yake mpaka ikagusa ile bahasha tupu, zile herufi nyekundu zenye kivuli. "Huko kwetu nina rafiki anaitwa hivyo toka kuzaliwa. Tena mkamwandikia kwa maua. Jina alikuwa nalo, nyinyi tu mlikuwa hamumwiti."

Jumamosi asubuhi walichukua arobaini na tatu wakanunua mashine, na sita wakampa Shangazi za nauli, safari hii kwa mkono wao wenyewe. Ile noti iliyonyooka waliirudisha kwenye bahasha, na bahasha kwenye msumari, bila selotepu.

Mwisho wa mwezi uliofuata walifuta meza. Brashi alikuwa amekigeuza kiti chake, sasa ameuelekea ukuta. Fundi alishika daftari akagawa, akitaja kila fungu kwa sauti: Kodi. Chakula. Dharura. Bahasha ya Mashine walikuwa wameishusha, msumari umebaki mtupu. Zilipokaribia kwisha, Brashi alishika noti ya mwisho hewani, akasita.

"Na Mgeni?"

Lilikuwa limepita mdomoni mwake kama jina la mtoto yeyote anayecheza uani. Fundi alitazama juu, kule ukutani, ambako karatasi ilikuwa inakwaruza taratibu.

"Weka kwenye chakula," alisema. "Mgeni anazo zake."