Unga Niliouita wa Maharage

Siku ya kwanza kuingia karakana ya misheni sikupewa msumeno wala randa. Nilipewa ufagio. Mkuu wa karakana alikuwa Bruda mmoja, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kukatakata, akaniagiza nifagie sakafu kisha nimpelekee vumbi lenyewe kwenye ungo. Akachota kidogo, akalisugua kwa vidole. "Hili chengachenga ni la msumeno," akasema. "Hili laini ni la nani?" Akajijibu mwenyewe: "La mdudu! Anakula mbao yangu sasa hivi, na wewe umesimama tu." Wiki nzima kazi yangu ikawa kupapasa vumbi. Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka kwetu Rugera kujifunza useremala, si kuchambua takataka.

Baadaye aliponiamini alinihamishia meza ya makabati ya vitabu. Haya ninyi vijana mnayaona kwa nadra: milango miwili ya vioo, mbao za mvule, viungo vya ulimi na tundu, yaani ubao mmoja unachongwa ncha ukaingia ndani ya mwenzake bila msumari hata mmoja. Mvule una sehemu mbili. Kuna kiini, kile cha kahawia, mdudu hakiwezi. Halafu kuna weupe, ule ulio karibu na gamba, na huo mdudu anaupenda kama mtoto anavyopenda ndizi mbivu. Fundi mwaminifu hutumia kiini kitupu. Fundi mwenye haraka huuficha weupe mgongoni mwa kabati, panapotazama ukuta, akidhani hakuna atakayeuona. Bruda akimkamata alikuwa anapiga kelele karakana nzima: "Nyuma kwako ndiyo mbele kwa mdudu!"

Bruda aliporudi kwao nikaajiriwa wilayani, Kayanga, siku zile Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Bosi wangu, Msimamizi wa Majengo, alikuwa mtu asiyejua kucheka. Nikitaka kupiga msasa mlango mara ya pili ananiambia, "Fundi, serikali haikuomba uzuri. Imeomba mlango ufungwe." Nikafunga milango na kukarabati madawati mpaka nikastaafu. Lakini sifa ya makabati haikuniacha. Mtu akisikia kuna kabati la zamani linauzwa mahali, ananifuata nikalikague. Nilikuwa natazama kioo kwa upande, maana kioo cha kale kina mawimbi kama maji. Nagusa puti inayoshika kioo, kama bado imekaza. Nachezesha bawaba. Nikisema "chukua", mtu anachukua, hana swali. Jamani, kusikilizwa hivyo kunalewesha kuliko rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Basi dada yangu Paskazia akanihitaji. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na tangu usichana wake alikuwa na kazi yake nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Likizo zote alitembelea wazee, Karagwe na Kyerwa, akiandika maneno ya Kinyambo ambayo watoto wetu hawayasemi tena. Majina ya mvua za kila aina, ya ndizi, ya magonjwa ya ng'ombe, maneno ya kumbembeleza aliyefiwa. Neno kushoto, maana yake kulia, upande mmoja tu wa kila karatasi. Madaftari aliyaita Ebigambo, yaani Maneno, na yalijaa gunia zima. Wazee waliompa karibu wote wamekwisha kuzikwa. Nakala nyingine haipo.

Halafu ikamshika presha ya macho. Daktari alimwambia ukweli, kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Akaniita.

"Mdogo wangu, nichagulie kabati la vioo. Lakini si la vikombe."

Nikacheka. Kwetu kabati la vioo ni la vikombe vya wageni, vile ambavyo hata mgeni mwenyewe hanywei.

"La vitabu," akasema. "Panya wasiyaguse madaftari yangu. Na mimi niyaone hata kama kivuli, nijue yapo."

Nikapata habari za kabati Kaisho, kwa mjane wa katekista. Nikapanda bodaboda. Nilikuta kitu cha ajabu: mvule mzito, vioo vyote vya zamani, kitasa cha shaba kinachogeuka bila kelele. Nilikipenda palepale, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa upofu wangu mimi. Nilipofungua milango nikaona unga mwembamba chini, umelala pembeni.

"Mama, unga huu?"

"Aa, baba, tangu marehemu afariki naweka humo mbegu za maharage," akasema mjane. "Wadudu wameyamaliza."

Na kweli, maharage yalikuwepo, yametobolewa. Nani kwetu hajui unga wa maharage yaliyobunguliwa? Mama zetu wanaupepeta kila msimu. Nikapuliza vumbi, nikapangusa kwa kiganja. Sikulisugua kwa vidole. Sikuliburuta kabati hata hatua moja nikatazame mgongo. Mimi! "Chukua," nikajiambia mwenyewe kwa sauti ya kibosi, na nikachukua.

Dada alipanga madaftari kwa mikono yake, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Alikuwa anakaa mbele ya kile kioo kama mtu aliye na mgeni. Miezi ikapita. Siku moja akaniambia, "Nikipitisha kitambaa chini ya kabati nashika unga." Nikamjibu, "Ni yale maharage, dada. Yametoka kwenye nyufa." Aliniamini. Fundi ni mimi.

Mvua za pili zilipokwisha, macho yalikuwa yamefunga kabisa. Akanivulia ufunguo. "Nisomee," akasema. "Anza na lolote."

Nikavuta daftari la kwanza likaja na unga. La pili likaja na unga. Kwa mbele, migongo ya madaftari ilikuwa imesimama safi kabisa, ndiyo tuliyokuwa tukiitazama. Nikaliburuta kabati kutoka ukutani. Mgongo wote ulikuwa weupe wa mvule, umetobolewa matundu yasiyohesabika, na mdudu alipomaliza ubao alikuwa ameingia kwenye karatasi. Mungu wangu. Nikakaa chini sakafuni.

"Mbona husomi?"

Nikamwambia. Sikuweza kumdanganya mtu asiyeona. Akaweka mikono magotini.

"Soma yaliyobaki," akasema.

Nikafungua. Upande wa kushoto, kwenye mgongo wa daftari uliokuwa umeelekea mlango wa kioo, maneno yalikuwa yamebaki. Upande wa kulia, ulioelekea ukuta, ulikuwa umeliwa. Nikasoma neno moja.

"Maana yake?"

"Hakuna, dada. Pameliwa. Wewe hulikumbuki?"

Akafikiri, midomo ikicheza. "Alinipa bibi mmoja wa huko kwetu Rugera. Niliandika ili nisilibebe kichwani," akasema. "Sasa unaniuliza mimi?"

Watu bado wanakuja kuniomba nikawakagulie fanicha. Nawaambia sijui, nami nasema kweli. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa maandalizi ya kugusa unga ule mara moja kwa vidole viwili, na siku ilipofika nilipuliza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshazaliwa na amehamia kwangu. Mbao za mkaratusi na mgrevilea mnazotumia leo sina la kuwafundisha juu yake.

Jumapili baada ya misa dada ananiita. Anakaa kitini, ananyoosha kanga yake, anasema, "Haya, mdogo wangu, soma." Ninamsomea maneno yasiyo na maana, moja baada ya jingine, na kwa kila moja anatikisa kichwa, halikumbuki.