Kinyozi na Miswaki Miwili

Wateja walimwita Mkono wa Pamba, na jina hilo hakujipachika mwenyewe. Alikuwa kinyozi tangu ujana, na wapo wanaume wazima waliosinzia kitini pake huku wembe ukiwapita chini ya kidevu. Kiti cha pili dukani mwake kilikuwa cha shemeji yake, ndugu wa mkewe, domo kaya asiyenyamaza, ambaye yeye alinyoa kwa mashine tu.

Fizi ndizo zilizomtoa dukani siku ile. Zilikuwa zikivuja damu, na daktari wa meno alipomchungulia kinywani aliguna.

"Huku nyuma husafishi vizuri, mzee. Mkono umechoka?"

"Mkono huu ndio unaonilisha, daktari."

"Basi nunua mswaki wa umeme, uupumzishe."

Kwenye duka la dawa, muuzaji, dada mchangamfu mwenye miwani, alimwekea miwili juu ya kaunta.

"Huu ni wa kawaida, baba. Unawasha, unasafisha, basi. Huu mwingine umeuzidi bei kidogo, lakini ukikandamiza sana unawaka taa nyekundu. Halafu mpini wake mnene, haukuponyoki."

"Taa ya nini? Nitashindwaje kujua ninavyokandamiza?"

"Wengi husema hivyo. Shika kwanza uone."

Akaushika ule wa kawaida. Kichwa cha mswaki kikaanza kuchezacheza hewani.

"Mtetemo wake si mbaya," akasema, ili mradi aseme kitu.

Dada aliutazama mswaki, kisha akamtazama yeye, na tabasamu likamyeyuka usoni.

"Baba, huo hauna betri. Betri ninazo hapa mkononi."

Akautua chapuchapu. Akasema hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

"Nipe huo mwingine."

"Wa taa?"

"Wa mpini mnene."

Alirudi nyumbani mkono ukiwa mfukoni, ngumi ameikaza. Bafuni aliuwasha mswaki na kuupeleka kinywani taratibu, kama anayemsafisha mtoto mchanga. Taa nyekundu ikawaka. Akalegeza. Ikazimika, ikawaka tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na kinyozi hakujua amekuwapo tangu saa ngapi.

"Mbona kama mnapigana?"

"Mpya huu. Hatujazoeana."

Mkewe, ambaye kwa kawaida hucheka hata visivyochekesha, hakucheka.

Kesho yake alikuja mteja wake wa siku nyingi, fundi bomba mstaafu, akajitupa kitini, akaegemeza kichwa na kufumba macho. Kinyozi akampaka povu, akainua wembe. Ndipo alipogundua kwamba shemeji amenyamaza. Akamwona kwenye kioo, mashine inanguruma mkononi bila kazi, macho yote kwenye wembe.

Akaugusisha shingoni. Chini ya ngozi aliusikia mshipa ukidunda, na juu yake chuma kikidunda mdundo wake chenyewe. Akakiondoa. Uzi mwembamba wa damu ukapenya kwenye povu.

"Shemeji, nimalizie huyu. Kwa mashine."

"Nini tena, Mkono wa Pamba?" mteja akauliza, macho bado kayafumba. "Umenichoka?"

"Nimekukwaruza kidogo."

"Wewe? Haiwezekani. Mimi ndiye nimejitikisa."

Alitoka uani akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Baadaye shemeji akamfuata, safari hii bila utani.

"Dada yangu anajua," akasema. "Aliniomba nikuangalie."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

Mvua zilizopita! Na yeye akidhani ni jambo la wiki hizi mbili tatu.

Mkewe hakungoja aitwe. Mchana ule ule aliingia pale kazini, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukanyaga, mkoba kwapani, akasema, "Twende, mume wangu." Naye akavua aproni bila ubishi.

Hospitalini daktari alimgusagusa vidole, akamkunja na kumkunjua kiwiko. Kisha akamwomba atembee hadi dirishani na kurudi. Kinyozi alikaribia kufurahi, maana miguu haikuwa na neno. Akatembea. Alipogeuka, daktari alikuwa ameacha kuandika, na mkewe ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kuna nini?" akauliza.

"Huo mguu, baba watoto," mkewe akasema. "Unauburuta."